Kodi ya Ploti: Nani Hulipa, Humlipa Nani, na Huhesabiwaje?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu wanachama wa Chama cha Kiswahili tuliagizwa kila mmoja achague jambo moja ambalo watu hulitaja kila siku mtaani bila kulielewa, kisha alieleze kwa Kiswahili ambacho hata nyanya asiyekwenda shule atakifuata. Mimi nimechagua kodi ya ploti, yaani ile kodi ambayo mwenye ardhi huilipa kaunti kila mwaka. Wazee wengi huiita "reti", na kaunti yenyewe bado wanaiita "kanjo".

Huenda ukauliza, "Haya yananihusu nini mimi wa kuvaa sare?" Shule yetu ni ya kutwa. Kengele ya jioni ikilia kila mmoja wetu hurudi kwenye nyumba, na nyumba hiyo, iwe ya mawe au ya mabati, imesimama juu ya ardhi ya mtu. Ardhi hiyo ikiwa katika eneo linalotozwa kodi, ina deni jipya kila mwaka. Deni hilo likilipwa, watu hulala. Lisipolipwa, siku moja hubisha mlango, na mara nyingi hubisha wakati mbaya kabisa: wakati wa msiba, au wakati watoto wanataka kugawana urithi.

1. Neno moja, kodi nyingi

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa neno lenyewe. Kiswahili kina neno "kodi", na neno hili limebebeshwa mizigo mingi kama punda wa Lamu. Mpangaji akimpa landilodi pesa mwisho wa mwezi, anasema amelipa kodi. Mfanyakazi akikatwa mshahara, hiyo nayo ni kodi. Na mwenye ploti anapolipa kaunti, vilevile ni kodi. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana mchana kutwa, na kumbe kila mmoja anazungumzia kitu chake.

Tuzitenganishe basi.

(a) Kodi ya nyumba: mpangaji humlipa mwenye nyumba. Haya ni mapatano ya watu wawili, serikali haimo.

(b) Kodi ya mapato: hukatwa kwenye mshahara au faida, na huenda kwa serikali kuu.

(c) Kodi ya ardhi ya serikali kuu: hulipwa na mtu ambaye ardhi yake ameipata kwa mkataba wa miaka, kwa mfano miaka 99. Yeye ni kama mpangaji wa serikali, na kila mwaka huilipia wizara inayohusika na ardhi. Mwenye ardhi ya kumiliki moja kwa moja, isiyo na mwisho wa miaka, hailipi hii.

(d) Kodi ya ploti, ambayo ndiyo somo letu: hulipwa kwa kaunti na mwenye ardhi, awe na mkataba wa miaka au awe na ardhi ya moja kwa moja, mradi ardhi iko katika eneo linalotozwa.

Angalieni sana hizo mbili za mwisho. Mtu anaweza kuwa na risiti zote za (c), akatembea kifua mbele akidhani amemaliza, na kumbe (d) inalimbikizana upande wa pili. Huyu hakukataa kulipa. Neno tu ndilo lililomponza.

Ndugu zetu wa Tanzania wao husema "kodi ya majengo", na tangu mwaka wa 2021 wengi wao huilipa kidogo kidogo wanaponunua umeme wa LUKU. Usichanganye hiyo na yetu. Yao, kama jina linavyosema, hutazama jengo. Yetu ya Nairobi, kama tutakavyoona, hutazama udongo ulio chini ya jengo.

2. Kaunti imepata wapi ruhusa ya kutoza?

Zamani kodi hii ilitozwa na mabaraza ya miji na manispaa. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, zote 47, zilirithi kazi hiyo pamoja na madaftari yake, mazuri kwa mabovu. Ruhusa yenyewe imo katika Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 209, ambacho kinasema kaunti inaweza kutoza kodi ya mali kama ardhi na kodi ya burudani. Kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni za serikali kuu, na kaunti haiwezi kuzigusa.

Kifungu kinachofuata, cha 210, ndicho ningependa kila mwanafunzi akikariri. Kinasema hakuna kodi itakayotozwa ila kwa sheria. Maana yake ni kwamba hakuna afisa anayeweza kuamka asubuhi akakupangia kodi kichwani mwake. Kila shilingi lazima iwe na sheria nyuma yake. Kila mwaka kaunti huandika Mswada wa Fedha unaotaja viwango, na wananchi hualikwa kutoa maoni kabla haujapitishwa. Aidha, mwaka wa 2024 Kenya ilipata sheria mpya ya taifa zima kuhusu kodi hii, ikachukua mahali pa zile za zamani zilizotumika tangu enzi za ukoloni na mwanzo wa uhuru.

Na pesa zenyewe huenda wapi? Kaunti hushughulikia zahanati na hospitali zake, shule za chekechea, barabara za kaunti, kuzoa taka, kuzima moto na makaburi. Msidhani basi kwamba kodi ya ploti ndiyo inayolipa walimu wetu wa sekondari. Hiyo ni kazi ya serikali kuu. Lakini taa ya barabarani inapozimika au taka zinapokaa wiki tatu, mwenye ploti aliyelipa ana haki ya kuuliza kwa sauti.

3. Hesabu yenyewe

Sasa tufike penye uti wa mgongo wa somo. Hesabu ya kodi ya ploti ina vitu viwili tu: thamani na kiwango. Thamani ni bei ambayo ardhi imekadiriwa. Kiwango ni asilimia inayotozwa. Ukizidisha viwili hivi unapata kodi ya mwaka.

Kodi = thamani × kiwango

Thamani haitoki kwa mwenye ploti, wala haitoki kwa majirani. Hutoka kwenye daftari la uthamini. Mthamini huzungukia eneo, akaandika kila ploti kwa nambari yake, ukubwa wake, jina la mwenyewe na thamani yake. Sheria ya zamani ilitaka daftari hili litengenezwe upya kila baada ya miaka 10, ingawa iliacha mwanya wa kuchelewesha.

Na lilicheleweshwa kweli kweli! Chukueni mfano wa Nairobi. Jiji hili lilitumia daftari la mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa karibu miaka 40. Ploti zilikuwa bado zimeandikwa bei za wakati ule, ambazo leo hazinunui hata geti. Kwa kuwa thamani ilikuwa ndogo, kiwango kilikuwa kikubwa, kikafika asilimia 25. Kisha likatayarishwa daftari jipya la mwaka wa 2019 lenye bei za siku hizi, na kiwango kikashushwa hadi asilimia 0.115.

Hapa ndipo watu wengi hutatizwa. Mmoja husikia "asilimia 25" akashika kichwa. Mwingine husikia "asilimia 0.115" akacheka na kudhani kodi imefutwa. Hebu tupige hesabu tuone. Tuseme kuna ploti ya futi 50 kwa 100. Nambari za thamani hapa ni zangu za mfano tu.

Hesabu ya zamani: thamani ni shilingi 40,000, kiwango ni asilimia 25.
40,000 × 25 ÷ 100 = shilingi 10,000.

Hesabu mpya: thamani ni shilingi 8,000,000, kiwango ni asilimia 0.115.
8,000,000 × 0.115 ÷ 100 = shilingi 9,200.

Mmeona? Kiwango cha kwanza ni kikubwa kuliko cha pili zaidi ya mara 200, lakini kodi zimetofautiana kwa shilingi 800 tu. Na kama mthamini angeikadiria ploti hiyo hiyo kuwa shilingi 12,000,000, kodi mpya ingekuwa shilingi 13,800, yaani imepanda ingawa asilimia imeporomoka. Kwa hivyo mtu akikwambia kiwango peke yake, hajakwambia chochote. Muulize, "Asilimia hiyo ni ya nini?" Swali hilo moja linatosha kumtofautisha aliyeelewa na aliyesikia tu.

4. Ghorofa na kibanda, kodi sawa

Jambo la pili linaloshangaza ni hili. Katika hesabu ya Nairobi niliyoonyesha, kinachothaminiwa ni ardhi tupu, kana kwamba hakuna kilichojengwa juu yake. Ukiwa na ghorofa ya vyumba 40 vya kupangisha, na jirani yako mjane akawa na nyumba ya mabati na mboga kidogo, na ploti zikawa za ukubwa mmoja na thamani moja, kodi yenu ni moja.

Je, ni haki? Tulibishana jambo hili katika mkutano wa Chama mpaka mwalimu akatuzimia taa. Upande mmoja ulisema si haki hata kidogo, kwa sababu wa ghorofa huvuna kila mwezi na mjane havuni kitu. Upande wa pili ulisema ni haki, kwa sababu ukimtoza mtu kwa kujenga, utamfundisha asijenge. Na ukimtoza kwa ardhi, yule aliyeficha ploti tupu akingoja bei ipande naye atalipa kama wengine. Sheria zetu huruhusu kaunti kutumia njia nyingine pia, kama vile kutoza kwa ukubwa wa ardhi, au kuhesabu ardhi pamoja na majengo. Hivyo mjadala huu haujaisha, na kila Mswada wa Fedha huufungua upya. Mimi mwenyewe naegemea upande wa ardhi tupu, lakini nasema mjane asiye na mapato apewe nafasi ya kulipa polepole.

Si kila ardhi hutozwa. Kwa kawaida mahali pa ibada ya umma, makaburi, na shule na hospitali zisizotafuta faida husamehewa. Ardhi ya serikali kuu nayo hutolewa mchango badala ya kodi.

5. Wapangaji nao je?

Najua wengi wetu wazazi wetu ni wapangaji, na labda umeanza kuruka kurasa. Ngoja kidogo. Bili ya kodi ya ploti humwendea mwenye ardhi, si mpangaji. Hata hivyo, landilodi mwerevu huijumlisha ndani ya kodi ya nyumba, kwa hivyo wewe huilipa bila kuiona. Tena sheria iliyotumika kwa miaka mingi iliruhusu kwamba landilodi akikataa kulipa, wapangaji waandikiwe barua wapeleke kodi ya nyumba moja kwa moja kwa serikali ya mji hadi deni liishe. Barua kama hiyo ikija, mzazi asiitupe. Aisome, aulize ofisini kama ni ya kweli, na aweke kila risiti, la sivyo atadaiwa na pande mbili.

6. Usipoziba ufa utajenga ukuta

Sasa tuseme mtu hakulipa. Kaunti haimjii usiku na marungu. Inaongeza riba. Nairobi, kwa mfano, mwisho wa kulipa bila riba umekuwa tarehe 31 Machi. Baada ya hapo deni huanza kuzaa.

Tupige hesabu nyingine ya mfano. Kodi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na tuseme riba ni shilingi 1 kwa kila 100 kila mwezi, bila riba juu ya riba. Kwa kila mwaka mmoja wa kuchelewa, shilingi 10,000 huzaa shilingi 1,200. Mtu asipolipa miaka 10 mfululizo, kodi yenyewe ni shilingi 100,000. Lakini deni la mwaka wa kwanza limezaa miaka 10, la pili miaka 9, na kuendelea hadi la mwisho mwaka 1. Jumla ni miaka 55. Ukizidisha 55 kwa 1,200 unapata shilingi 66,000. Sasa deni ni shilingi 166,000.

Kisha kuna kufuli. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012 inamkataza msajili kuandikisha ardhi kwa jina jipya mpaka aone cheti kwamba kaunti haidai kitu. Tukiite cheti cha kutodaiwa. Bila cheti hiki huwezi kuuza ploti kihalali, wala watoto hawawezi kuandikishwa kwa majina yao.

Hapo ndipo mimi nilipoanza kujifunza mambo haya. Babu yangu alifariki akaacha ploti moja katika mji mdogo wa kaunti nyingine. Baba na ndugu zake watatu walipotaka kuigawanya waliambiwa waende wakalete cheti cha kutodaiwa, na badala ya cheti wakapewa bili ya shilingi 184,000. Nyumbani kulikuwa kama matanga ya pili. Mtu mmoja akaja haraka, akasema atainunua ploti kwa bei ya kutupa na "kubeba hilo deni". Ami zangu wawili walikuwa tayari.

Nyanya ndiye aliyekataa. Alisema, "Babu yenu alikuwa akilipa kanjo kila Februari baada ya kuuza mahindi. Hilo deni ni la nani?" Akaingia chumbani akatoka na mkoba wa zamani. Ndani mlikuwa na risiti za miaka 7, zimekunjwa kama barua za posa, zote za baraza la zamani. Baba alinipa karatasi na kalamu kwa kuwa mimi ndiye mwenye hesabu nyumbani. Tuliandika mwaka kwa mwaka: upande huu bili, upande huu risiti. Miaka 7 yote ilikuwa imelipwa, lakini bili iliihesabu kama haikulipwa, pamoja na riba yake. Walizipeleka ofisini, wakarudishwa mara mbili, mara ya tatu zikapokelewa. Deni lilishuka hadi shilingi 71,000. Hilo lilikuwa deni la kweli, la miaka ambayo babu aliugua. Wanalilipa kwa mafungu hadi leo, na cheti bado hakijatoka. Lakini ploti haikuuzwa, na nyanya bado anapanda sukuma wiki pale.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kaunti ina daftari lake. Mwenye ploti naye sharti awe na lake.

7. Mambo matano ya kumwambia mzazi leo jioni

Kwanza, jua nambari ya ploti na jina lililoandikwa kwenye daftari. Jina likiwa la marehemu, anzeni mambo ya mirathi mapema.

Pili, omba bili hata kama haijaletwa. Kukosa kuletewa bili hakuzuii riba kukua.

Tatu, lipa kwa njia rasmi tu, ziwe za ofisi, benki au simu. Yule kijana wa korido anayesema "nipe nikulipie haraka" mwambie asante, kisha uende zako. Risiti ihifadhiwe pamoja na hatimiliki.

Nne, daftari jipya likitangazwa nenda ukalitazame. Chini ya sheria ya zamani mtu alipewa siku 28 za kupinga thamani iliyoandikwa. Muda huwa mfupi, kwa hivyo tangazo likitoka lisome siku hiyo hiyo uone umepewa siku ngapi.

Tano, sikiliza matangazo ya msamaha. Kaunti, Nairobi ikiwemo, zimewahi mara kadhaa kusamehe riba kwa wanaolipa kodi yenyewe kwa muda uliowekwa. Kodi haisamehewi, bali riba inayosamehewa yaweza kuwa theluthi ya deni au zaidi.

Mazoezi

Nawaachia maswali machache. Majibu leteni katika mkutano wa Chama siku ya Ijumaa, na hesabu zenu zionekane.

1. Ploti ina thamani ya shilingi 6,000,000. Kiwango ni asilimia 0.115. Kodi ya mwaka ni ngapi?

2. Mtu amelipa kodi ya ardhi ya serikali kuu kwa miaka 20 bila kukosa. Je, anaweza kuuza ploti yake ya mjini bila kwenda kaunti? Eleza.

3. Kaunti imepunguza kiwango kwa nusu, lakini daftari jipya limeongeza thamani mara tatu. Kodi imepanda au imeshuka, na kwa mara ngapi?

4. Ghorofa na kibanda vimesimama kwenye ploti zenye thamani moja. Andika insha ya ukurasa mmoja ukitetea au kupinga kodi yao kuwa sawa. Usisahau kumfikiria mjane, wala usimsahau anayeficha ploti tupu.